"Karibu Sana, Dokta, Hakuna Shida"

Kabla ya kila safari ya kikazi, mimi hupiga simu hotelini na kuuliza: je, mnacho chumba kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu? Katika miaka yangu yote ya kutembelea kiti hiki, ni nadra mno kuambiwa hapana. "Karibu sana, dokta, hapa hakuna shida." Shida hunisubiri mlangoni.

Mwaka jana nilialikwa kutoa mada katika warsha ya siku mbili jijini Dodoma. Hoteli niliyopangiwa ilikuwa imethibitisha kwa simu mara mbili. Na kweli, chumba kilikuwa cha chini, kipana na kisafi. Ila kiti changu kina upana wa sentimita 66, na mlango wa bafu ulikuwa na sentimita 60. Meneja, muungwana kabisa, alinifariji: "Usijali, vijana wapo, watakubeba." Usiku ule nilibebwa hadi chooni na vijana wawili ambao hata majina yao sikuyajua. Asubuhi yake niliketi mbele ya watumishi wa umma kuzungumzia utu na haki za raia.

Simlaumu meneja yule. Kwake, "hakuna shida" ilimaanisha kwamba chumba hakina ngazi. Kwa mwingine humaanisha kwamba lifti ipo, ingawa ngazi tatu huitangulia. Kwa mwingine tena humaanisha kwamba vijana wake wana nguvu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo: tumeuweka ukarimu mahali pa haki. Ukarimu hutegemea nani yuko zamu. Haki hujengwa ukutani, ikabaki pale hata vijana wakienda kulala.

Haki hiyo ina vipimo. Viwango vya Marekani, kwa mfano, hutaka mlango uwe na uwazi wa angalau sentimita 81, nafasi ya kugeuzia kiti iwe na kipenyo cha takriban sentimita 152, na njia ya mteremko isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Maana yake, baraza iliyoinuka nusu mita huhitaji mteremko wa mita 6. Ule ubao unaoegemezwa kwenye ngazi mgeni anapofika ni mtego. Tena, tangu Machi 2012, kanuni za nchi hiyo huitaka hoteli ieleze sifa hizo wakati mgeni anapoweka nafasi, kwa undani unaomwezesha kuamua mwenyewe kama chumba kitamfaa.

Sisi hatukosi sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 ya Mkataba huo hugusa hata majengo ya watu binafsi yanayotoa huduma kwa umma. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza akiwa na futi kamba mkononi.

Mtu huyo anaweza kuwa wewe, mtumishi wa umma. Ofisi za serikali, kwa warsha na semina zake, ni wateja wakubwa wa hoteli zetu. Afisa anayeandaa mkutano aongeze mambo matatu katika barua ya kuomba bei: upana wa mlango wa bafu, idadi ya ngazi kutoka maegesho hadi kitandani, na picha ya choo. Hoteli itakayopoteza wageni sitini kwa sababu ya sentimita chache itamwita fundi wiki hiyo hiyo.

Tusipouliza, hasara yake haionekani katika hesabu yoyote. Mwandaaji hujisemea kwa huruma, "Fulani tusimsumbue kwa safari." Fulani hakosi warsha pekee. Hukosa mafunzo, uzoefu, posho, na hatimaye cheo wanachopewa waliosafiri. Baada ya miaka kumi tunaulizana kwa nini mwenye ulemavu haonekani kwenye meza ya maamuzi, ilhali alizuiwa zamani na mlango wa bafu.