Karai la Kando ya Njia

Msomaji, nataka nikuongoze kwanza mpaka mahali ambapo yamkini umekwisha kufika mara nyingi bila kuongozwa na mtu. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni katika mji wa Nakuru. Matatu zamwaga watu kituoni, giza laanza kuingia, na kando ya njia kijana mmoja amesimama nyuma ya kabati la kioo lenye taa ndani yake. Ubavuni pake pana karai kubwa juu ya moto. Amimina ndoo ya viazi vilivyokatwa. Mafuta yalia kwa kishindo kama mvua ya ghafula juu ya bati. Mvuke wapanda, na harufu yatoka kwenda kutafuta watu. Harufu hiyo haimwiti mtu kwa jina, lakini kila apitaye adhani ameitwa yeye. Basi watu wasimama safu, mwenye tai nyuma ya mwenye ovaroli, mama mwenye mtoto mgongoni nyuma ya mwanafunzi mwenye sare.

Katika safu hiyo, Alhamisi moja ya muhula uliopita, nilisimama mimi.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimesahihisha karatasi za kidato cha pili. Swali moja liliwataka wanafunzi waeleze madhara ya kula mara kwa mara vyakula vilivyokaangwa. Mvulana mmoja alijibu vizuri kupita wenzake wote. Alitaja mafuta, chumvi, uzito wa mwili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, kila jambo na sababu yake, kwa mwandiko safi. Nilimpa alama kumi kwa kumi. Jioni nilipogeuka kutazama urefu wa safu, nilimwona huyo huyo nyuma yangu, watu wawili tu wakiwa kati yetu, sarafu zake zimo mkononi.

"Habari ya jioni, mwalimu," akasema.

"Njema," nikajibu.

Hatukuongeza neno. Yeye alitazama viatu vyake nami nikatazama karai. Nafikiri tungeweza kuachana hivyo, kila mmoja akasingizia kwamba mwenzake ndiye mla chipsi na yeye ni mpita njia tu. Lakini zamu yangu ilipofika mchuuzi aliniuliza kwa sauti ya furaha, "Mwalimu, ile ya kila siku?"

Tangu jioni ile nimekuwa nikifikiri sana juu ya jambo hili, wala sikufikiri kwa ajili ya kufundisha, bali kwa ajili ya kujielewa. Tuna methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na wengi huitumia wakisema juu ya walaji wa chipsi, soseji na kuku wa kukaanga. Husema watu hawa hawajui, wakifundishwa wataacha. Mimi nimefundishwa. Zaidi ya hayo, nafundisha. Sikio langu lasikia vizuri kabisa, na mvulana yule aliyepata kumi kwa kumi asikia vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo sababu haiwezi kuwa ujinga, na lazima itafutwe mahali pengine.

Sina nia ya kuyakana madhara. Kiazi chenyewe hakina kosa; kikichemshwa na ganda lake ni chakula chema. Lakini kikiingia katika mafuta yenye moto mkali, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutoka, na mafuta hupata nafasi ya kuingia. Mafuta hayo yakitumiwa leo na kesho na kesho kutwa huharibika, yakawa meusi na mazito. Kisha huja chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni sawa na kijiko kimoja cha chai; mkono wa mchuuzi haupimi kwa kijiko. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwetu mwaka 2022, takriban wanawake 45 katika kila 100 walionekana kuwa na uzito kupita kiasi, na mwaka 2014 walikuwa 33. Sisemi chipsi peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Soda imo, sukari ya chai imo, na kukaa kitako kutwa kumo.

Nami nimo katika hesabu za namna hiyo. Mwaka mmoja wauguzi walikuja shuleni kwetu kuwapima walimu. Nilikuwa na umri wa miaka 36, nikakunja mkono wa shati nikiwa na dhihaka mdomoni. Muuguzi alinipima mara moja, akanyamaza, akanipima tena, kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu mwenye presha. Nilirudi darasani nikiwa na karatasi mfukoni, nikafundisha dakika 40 bila kujua nasema nini. Juma zima sikula chipsi. Juma la pili nilikula mara moja. Juma la tatu nadhani waweza kulimaliza wewe mwenyewe.

Ili kueleza kwa nini, sharti nirudi nyuma. Nilizaliwa Kinangop, nyanda za baridi chini ya milima ya Aberdare, mahali ambapo viazi ni kama mawe ya mtoni kwa wingi. Kwetu twaviita waru. Tulivila asubuhi vikiwa vimechemshwa, mchana vikiwa katika mchuzi, na usiku vikiwa vimepondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, yaani mukimo. Baba alivilima, akaviuza kwa madalali waliokuja na malori. Sheria yasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini magunia niliyosaidia kuyashona utotoni yalikuwa yamevimba juu kama kichwa chenye kilemba, na bei ilikuwa ile ile kana kwamba kilemba hakipo. Nilikua nikiamini kwamba kiazi ni kitu kisicho na thamani, nacho hutoka kwa watu wasio na sauti.

Kisha nikaenda chuo cha ualimu. Jumamosi ya kwanza wenzangu walinichukua mjini, tukaingia katika duka dogo lenye meza za mabati. Nililetewa sahani. Nilitazama, na hapo nikaona waru wa baba, lakini amebadilika: rangi ya dhahabu, mwembamba, amesimama wima, moto, na juu yake mchuzi mwekundu wa nyanya. Kijana aliyeniletea aliniuliza, "Nikutilie pilipili? Chumvi yatosha?" Msomaji, usicheke. Nilikuwa na miaka 20 na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nyumbani chakula kilipakuliwa, shuleni kilipakuliwa, chuoni kilipakuliwa, na mtu alikula alichopewa akashukuru. Pale niliulizwa nipendavyo, nikajibu, na jibu langu likatimizwa papo hapo. Hata leo sijui kama nilichokipenda siku ile kilikuwa chakula au lile swali.

Nasadiki hii ndiyo sababu moja kubwa ambayo mabango ya afya hayaigusi. Bango hulinganisha chakula na chakula, mafuta na mboga. Lakini asimamaye katika safu hanunui mafuta. Mtoto wa mkulima anunua kiazi kisichofanana na cha kwao.

Sababu nyingine ni moto na saa, nayo ni ya zamani kuliko sisi. Huko Uingereza maduka ya samaki na chipsi yalianza katika miaka ya 1860, wakati wanaume kwa wanawake walipokuwa wakifanya kazi kutwa katika viwanda. Mtu aliyetoka kiwandani jioni, miguu imevimba, hakuwa na nguvu za kuwasha moto na kungoja; alinunua chakula cha moto kilichofungwa katika gazeti akaenda nacho nyumbani. Katika vita vya 1939 hadi 1945 serikali ya huko iliwagawia watu nyama, siagi na sukari kwa vipimo, lakini samaki na chipsi havikuwekewa kipimo. Hawakutaka kugusa faraja hiyo ya watu wanyonge.

Sasa tazama mwanamke atokaye kazini katika mji wetu. Githeri, chakula chema kisichohitaji kukaangwa, chataka mahindi na maharagwe yachemke saa mbili au tatu. Mama yangu alikipika kwa kuni alizozikata mwenyewe, tena alikuwa nyumbani. Mwanamke huyu amepanga chumba kimoja. Gesi yake ni ya mtungi mdogo, na kila saa ya moto ni shilingi. Amefika saa moja usiku na watoto wanalia. Kwa shilingi 100 au zaidi kidogo apata mfuko wa chipsi, watoto watatu wanyamaza, na hana sufuria ya kuosha. Ukimwambia habari ya mishipa ya moyo atakusikiliza kwa heshima. Wahenga walinena, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mishipa ya moyo ni habari ya miaka 20 ijayo, na njaa ya watoto ni habari ya sasa hivi. Tena ugonjwa ukija hauji na jina la kibanda juu yake. Karai la jioni fulani haliwezi kushtakiwa. Kila mfuko peke yake hauna hatia.

Nawe, msomaji, una sababu zako ambazo watu wa umri wangu huzisahau. Nimewatazama wanafunzi pale kibandani. Wanne huchanga sarafu, wakanunua mfuko mmoja wa karatasi, na mikono minne huingia humo kwa zamu. (Zamani ulikuwa mfuko mwembamba wa nailoni, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2017, huenda hilo ni jambo jema tu lililoipata chipsi.) Hawali haraka. Kichwani mwangu nimejaribu kuhesabu mahali pengine mjini ambapo kijana aweza kusimama chini ya taa, pamoja na rafiki zake, nusu saa nzima, bila mtu mzima kumwuliza afanya nini hapo. Sikupata pengi. Akiwa na shilingi 20 za kuchanga ana haki ya kuwapo.

Mwezi wa Januari mwaka 2022 lilitokea jambo lililonifunza zaidi. Maduka ya KFC, ambayo yalikuwa yamefunguliwa nchini tangu mwaka 2011, yaliishiwa na chipsi. Ndipo Wakenya wengi walipojua kwamba viazi vya maduka hayo huja kwa meli kutoka nchi za nje, vimekwisha kukatwa na kugandishwa, na meli zilikuwa zimechelewa. Hasira ilikuwa kubwa. Watu waliuliza vipi nchi ambayo kiazi ni zao lake la pili kwa chakula baada ya mahindi iishiwe na chipsi, ilhali mkulima wa Nyandarua hana mnunuzi. Nami nilikasirika, nikamkumbuka baba na magunia yake yenye vilemba. Kampuni ikasema itatafuta wakulima wa humu nchini. Lakini miezi mingi baadaye nilitambua jambo moja: katika maneno yote niliyoyasikia siku zile, sokoni, katika matatu na katika chumba cha walimu, hakuna hata mtu mmoja aliyesema afadhali, sasa tutapumzika kidogo. Tulikuwa tukidai haki ya kuumizwa na viazi vyetu wenyewe. Na mimi, mwenye karatasi ya presha nyumbani, nilidai kwa sauti kubwa kama wengine.

Wenzangu shuleni wataka tubandike mabango mengi zaidi. Sipingi, ila sina imani nayo. Ningefurahi zaidi kama mama wauzao viazi vitamu na uji asubuhi karibu na kituo wangepewa taa na mahali pa kukaa jioni. Wao huondoka saa tatu asubuhi, na saa zile ambazo mwili umechoka na nia imelegea, karai hubaki peke yake sokoni.

Kwa upande wangu nimeanza kuchemsha githeri kila Jumapili, sufuria kubwa, nikaigawa kwa siku. Hunifikisha Jumatano, na ikiwa sikupata wageni, Alhamisi. Ijumaa hupita njia ile ile, kwa kuwa njia ya pili ina matope.

Ijumaa iliyopita nilimwambia mchuuzi anipe nusu, tena bila chumvi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za msiba. "Mwalimu waumwa?" akauliza. Nikamwambia ni presha. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akaniambia mama yake pia anayo, akachota nusu, akaongeza viazi vitatu vya urafiki, na kabla sijasema neno mkono wake, uliokwisha kuzoea, ukawa umenyunyiza chumvi. Sote wawili tuliutazama mfuko. Nyuma yangu watu walikuwa wakingoja, kwa hiyo nililipa.