Hatua ya Kwanza Asubuhi

Kwa miezi saba nilishuka kitandani kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi. Kwanza mkono ukutani, halafu mguu wa kushoto, ulio mzima, halafu wa kulia nikiutanguliza kwa ubavu, kisigino kikiwa hewani. Siku niliyosahau, kisigino kikagusa sakafu kwanza, nilihisi kana kwamba kuna msumari ulionivizia pale usiku kucha. Hatua kumi, kumi na tano, maumivu yanaanza kulegea. Nikifika jikoni kuinjika chai ninatembea kama watu. Huo ndio ujanja wa ugonjwa huu: unakuuma gizani ukiwa peke yako, na kukipambazuka unakuacha uonekane mzushi.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Matungu, mwaka wa ishirini na moja sasa. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni mwendo wa dakika thelathini na tano kati ya mashamba ya miwa, kwa njia ya matrekta. Kiangazi njia hiyo ni vumbi. Mvua ikipita, alama za magurudumu hukauka zikawa matuta ya kuvunja kifundo. Nikifika darasani nasimama juu ya saruji hadi kengele ya mwisho. Kiti kipo, lakini mwalimu anayefundisha ameketi hapa kwetu huonekana ama mgonjwa ama mvivu, na mimi sikutaka kuwa hata mmoja.

Katika ofisi ya walimu kila mtu alikuwa daktari. Mmoja aliniambia ni gauti, niache nyama, na nyama yenyewe naiona Krismasi. Mwingine akasema baridi imeingia mfupani. Wa tatu alicheka akauliza kama si funza, nikamkumbuka kukhu wangu na pini yake, alivyotukalisha wajukuu mlangoni kwenye mwanga na kutuchokoa vidole mmoja mmoja. Wa nne alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda nilikanyaga kitu nilichotegewa njiani. Nilimshukuru. Usiku ule, nakiri, niliikumbuka njia yangu yote nikijiuliza ni wapi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Duka moja la dawa lilinidunga sindano ya maumivu makalioni, nikarudi mara ya pili, nikarudi ya tatu. Kila mara nilipata nafuu ya siku mbili. Hakuna aliyeniuliza navaa viatu gani. Wala mimi sikuvitaja, maana nilivipenda: vyeusi, bapa, soli nyembamba kama chapati, vinang'aa ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji. Wazazi huangalia viatu vya mwalimu.

Kisha nikakutana na jeli. Ilikuwa sokoni Mumias, kijana amepanga chini soli za ndani za rangi ya buluu, akizibonyeza zinatetemeka kama maini mabichi. "Mama, hizi ni kama kukanyaga mawingu," akaniambia. Shilingi mia nne. Nilizitumbukiza viatuni palepale, juu ya soli za zamani, nikatembea hadi stendi nikitabasamu peke yangu. Siku tatu nilikuwa mtu mpya. Siku ya nne kisigino kilishaikandamiza jeli hadi chini, kiatu kimejaa, vidole vimebanwa mbele, na mguu wote unayumba ndani kama mlevi. Wiki ilipokwisha, maumivu yalikuwa yameongezeka. Hata hivyo sikuzitoa. Nilikuwa nimezilipia, na zaidi ya hayo zilikuwa laini. Mtu akiumwa, akili yake humwambia kwamba dawa ya kitu kigumu ni kitu laini.

Aliyenitoa kwenye mawingu ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya umma, binti ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Kwanza alinipeleka nikapimwe sukari, kwa sababu, alivyosema, mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia miguuni, akavaa soli mpya imkate bila yeye kujua. Sukari ilikuwa sawa. Akanivua soksi, akaushika wayo wangu mikononi, akabonyeza kwa kidole gumba mahali pamoja tu: chini ya kisigino, upande wa ndani, pale upinde wa mguu unapoanzia. Machozi yalinitoka. "Hapa?" akauliza, na nilimpenda kwa swali hilo. Baada ya miezi saba, kuna mtu amepaweka kidole.

Akanieleza kwamba chini ya wayo kuna utepe mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa hadi mashina ya vidole. Mguu una mifupa ishirini na sita, na utepe huo ndio unaozuia upinde wake usisambaratike kila unapokanyaga, kama uzi unavyoushika upinde wa mshale. Ukisimama sana, ukivaa soli nyembamba, ukiongeza uzito (hapo alinitazama kwa adabu), utepe unavutwa kupita kiasi pale ulipojishikiza. Usiku unalala mguu umejinyoosha kwa chini, utepe unajikunja na kukaza. Asubuhi hatua ya kwanza inauvuta kwa ghafla. Nilitaka picha ya eksirei. Akanijibu kwamba picha ingeweza kuonyesha kimfupa kilichochomoza kisiginoni nikaanza kukiogopa, na wako watu wengi wenye kimfupa hicho wasiohisi chochote.

Nilimwonyesha jeli yangu. Hakuicheka. Alinisimulia utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2006, watu zaidi ya mia moja wenye maumivu kama yangu. Wengine walipewa soli za plastiki zilizotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa kila mmoja, wengine soli za dukani za povu gumu lenye umbo, na wengine soli ya bandia, povu laini jembamba tu, la kupima kama nafuu inatoka kwenye soli au kwenye matumaini. Baada ya miezi mitatu, wenye soli zilizoshika mguu walikuwa wanatembea vizuri kuliko wenye povu laini, na ile ya bei kubwa haikuishinda ya dukani. Baada ya mwaka mzima, makundi yote yalikuwa karibu sawa. Wengi walikuwa wamepata nafuu.

Nilikaa na habari hiyo kwenye matatu njia nzima. Ulaini ule niliolipia shilingi mia nne, wenzetu waliutumia kama dawa ya uongo.

Ulaini wa namna hiyo niliwahi kuupata hata nje ya viatu. Mwaka pesa za miwa zilipokwama na karo ya watoto wawili ikawa imefika pamoja, nyumba yangu ilijaa watu wa pole. Walikuja jioni, wakanywa chai, wakaniambia Mungu yupo, wakaondoka. Niliwapenda wote, na wakishafunga lango nilikuwa pale pale nilipokuwa. Wifi yangu alikuja Jumamosi asubuhi na daftari la kurasa thelathini na mbili. Hakukaa kwenye kochi. "Leta madeni yote," akasema, "na lile unalomficha kaka yangu pia." Nilichukia mkono wake ule ulivyokuwa ukipiga mistari chini ya majina. Alinifanya niuze ng'ombe mmoja niliyempenda, nikajitoa kwenye chama kimoja cha kuchangishana, nikaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa shule ya kijana kumwomba tulipe kidogokidogo. Kwa wiki kadhaa sikumwita kwa jina lake. Sasa namwona kila nikivaa kiatu. Alikuwa amenibonyeza pale pale, na hakunibembeleza.

Fundi wa viatu niliyemwendea anakaa chini ya mwembe karibu na stendi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Mulembe, madam." Nilimpa kiatu changu cheusi. Akakishika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, akakisokota kama anayekamua tambara. Kikasokoteka. Akakikunja; kikajikunja katikati kabisa, kama bahasha. Akabonyeza ukuta wa nyuma kwa gumba, ukalala.

"Hiki si kiatu, madam. Ni soksi."

Nilikuwa na shilingi elfu mbili na mia tano mkononi, nimeamua kumwagiza mtu wa Nairobi aniletee soli za kupimwa. Nilimweleza. Angeweza kunyamaza akashona viraka vyake. Badala yake aliniambia nitunze pesa, niende kwenye mitumba nitafute kiatu cha kamba, chenye kisigino kigumu kisicholala ukikibonyeza, kinachojikunja pale tu vidole vinapoanzia, na ambacho soli yake ya ndani inatoka. Niende alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kutembea, la sivyo nitanunua kiatu cha asubuhi. Nilikipata Jumamosi iliyofuata, cha kahawia, kibaya cha sura, cha aina ambayo wauguzi huvaa. Mia saba.

Nilimpelekea fundi. Aling'oa soli ya ndani ya zamani akaigeuza kwenye jua. Mwenye kiatu wa kwanza, popote alipo duniani, alikuwa ameacha ramani yake: shimo la kisigino, duara la kidole gumba, na katikati hakuna kitu. Fundi alikata mpya kwa kuifuatisha. Malighafi ilikuwa ndara kuukuu, nene, ile ya povu linalokataa kubonyea kwa kidole kimoja. Alichovya kisu majini kila baada ya mkato ili kisigande, akakata kipande kingine chenye umbo la nusu mwezi cha kuinua upinde, akakipunguza kingo kwa tupa hadi usingeweza kusema kinaanzia wapi. Akapaka gundi pande zote mbili, akasubiri. Mimi ni mtu wa kengele, niliona anachelewa. "Gundi ikiwa mbichi haishiki," akasema bila kuinua macho. Mwishowe akakigonga kwa nyundo, akafunika juu na kipande cha ngozi ya mkoba uliokufa.

"Simama. Fumba macho. Unasikia nini?"

Nilisikia jiwe. Akakitoa, akapiga tupa, akarudisha. Jiwe dogo. Akapiga tena. Mara ya tatu nikasikia kitu kimenishika chini ya wayo, kama kiganja cha mtu anayekusaidia kupanda lori: hakikubembelezi, lakini hakikuachi. Hapo akaridhika. Akaniagiza nivae saa moja siku hiyo, mbili kesho, hivyo hivyo, nisivae siku nzima kwa pupa. Alinitoza mia mbili, akakataa hamsini niliyoongeza.

Mambo hayakubadilika usiku mmoja, na sitaki kumdanganya mtu anayesoma haya ameshika kisigino chake. Wiki ya kwanza misuli ya shavu la mguu iliniuma kwa namna mpya. Yule binti wa hospitali alikuwa amenipa kazi: kabla mguu haujagusa chini asubuhi, nikae ukingoni mwa kitanda, niupandishe juu ya goti lingine, nivute vidole kuelekea muundi hadi wayo ukaze kama ngozi ya ngoma, nihesabu kumi, nirudie mara kumi. Mara tatu kwa siku. Kwa mtu wa miaka arobaini na saba ni dua ndefu. Darasani niliomba kiti, nikakikalia wakati wa kusahihisha madaftari, na hakuna mzazi aliyekufa. Mwezi wa pili niligundua nimefika jikoni bila kugusa ukuta, nikarudi chumbani kuhakikisha. Mwezi wa nne nilianza kusahau.

Desemba mama yangu alikuja kukaa nasi. Ni mtu wa Koyonzo, amepalilia miwa ya watu na mahindi yake mwenyewe maisha yote, mara nyingi miguu mitupu, na visigino vyake vina magaga ambayo tukiwa wadogo tulikuwa tukificha humo punje za mahindi alipokuwa amelala. Kwa miaka mingi nimemtaja darasani kama mfano wa mguu wenye afya usiojua kiatu. Asubuhi moja nilimkuta mlangoni ananitazama nikivuta vidole vyangu.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza: hatua ya kwanza, msumari, ukuta.

Alinyamaza kidogo. "Kumbe nyinyi hamwamki hivyo?"

Nikamuuliza tangu lini. Alihesabu kwa watoto, si kwa miaka. Tangu alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, ambaye sasa ana watoto wawili. Alidhani ndivyo asubuhi ilivyo kwa kila mtu mzima, kwamba mwili unahitaji kuumia kidogo ndipo uamke. Hakumwambia mtu kwa sababu hakuona la kusema. Na mimi, niliyewauliza wanafunzi elfu moja wanaumwa wapi, sikuwahi kumuuliza.

Nilichukua karatasi ya manila iliyobaki kwenye chati za hesabu, nikaitandaza sakafuni. Zamani, ukitaka kumnunulia mtu kiatu, ulipima mguu wake kwa kijiti, ukakivunja kwa urefu, ukaenda nacho sokoni. Kijiti hakionyeshi upinde. Nilimwomba asimame juu ya karatasi, uzito wote, anishike bega. Nikapiga magoti na penseli. Ilipopita ndani ya wayo, pale pasipogusa karatasi, alicheka kwa sauti nyembamba ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa msichana, akaunyanyua mguu, mstari ukapotea. Tukaanza upya kuanzia kisiginoni.