Nilivyojifungua Bariadi

Msomaji, usishtuke. Mimi ni mwanaume, tena mwenye ndevu, na nimejifungua mara moja maishani, mbele ya darasa zima la uuguzi hapa Bariadi.

Walimu wanaita igizo dhima. Mmoja anakuwa muuguzi, mwingine mgonjwa, wa tatu ndugu wa mgonjwa asiyechoka kuuliza maswali. Siku hiyo nilivalishwa MamaNatalie, tumbo la bandia linalotengenezwa na Laerdal ya Norway. Unalifunga kiunoni, ndani kuna mwanasesere, kondo la nyuma na mfuko wa maji mekundu. Utamu wake ni kwamba bomba la damu analishika mvaaji. Siri yote anayo mgonjwa, muuguzi aitafute.

Muuguzi wangu alikuwa dada mmoja wa pwani, mwepesi, kinara wa maksi. Simiyu ni mkoa mchanga bwana, ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na wauguzi wanapangwa huku kutoka kila pembe ya nchi. Mwalimu akaninong'oneza: "Wewe ni mama wa Itilima. Kiswahili unakisikia kidogo, kukizungumza huwezi." Hapo alinipatia, maana bibi yangu ndiye huyo huyo.

Mtoto akatoka salama. Dada akachoma oksitosini, uniti 10 za paja, ndani ya dakika ya kwanza. Kondo likatoka. Mwalimu akanikonyeza, nikafungua bomba.

"Mama, uko salama?"

"Yaya."

Kwa Kisukuma, yaya ni hapana.

"Yaya umemwacha nyumbani?" Darasa likaangua kicheko. Nikarudia, yaya, yaya. Akaniambia niache kudeka, akageuka kujaza faili.

Basi nikabaki chali, naona dari na mgongo wa gauni jeupe, chini ya khanga nachuruzika. Nilijua ni maji na rangi tu. Lakini moyo ulinidunda kweli, na hasira ikanipanda, hasira ya mtu anayesema na hasikiki. Bibi alizalia watoto wake wote nyumbani. Akiulizwa sababu alijibu kwamba kule hospitali wanafoka. Watu waliita ushamba.

Mwalimu akasimamisha mchezo, akapima. Nusu lita ilikuwa imepita, na hapo vitabu vinasema mama anavuja damu. Jicho halipimi damu iliyonywewa na khanga. Ndiyo maana kwenye utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za kipimo, na matibabu yote yakatolewa kwa mpigo. Madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa asilimia 60. Natamani kila wodi iwe na mfuko ule. Ila haujui Kisukuma.

Wapo wenzangu wanaosema igizo dhima ni kupoteza muda, bora mtu akariri hatua. Siwaelewi. Hatua dada yule alizikariri zote, hakuruka hata moja.

Kwenye majadiliano hakujitetea. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mnasalimianaje asubuhi?"

Kesho yake tulirudia, nikavaa tumbo tena. Safari hii alinikazia macho usoni. "Mwangaluka, mayu," akasema, kwa lafudhi ya Tanga tupu, na kabla sijajibu mkono wake ulikuwa umeshafika tumboni, unasugua.

Nikafunga bomba.