Pumzi ya Injini

Injini hulishwa petroli, lakini huishi kwa pumzi. Watu huhesabu petroli kwa kuwa hununuliwa. Hewa hawaihesabu kwa kuwa haina bei. Hata hivyo, katika karamu ya injini hewa ndiyo wali na petroli ndiyo mchuzi: gramu moja ya petroli haiungui kwa ukamilifu ila kwa gramu 14.7 hivi za hewa. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye kuzidisha nguvu za gari lake aghalabu huanza na njia ya pumzi. Hapo huanza elimu yake, na akiwa na pupa, hapo pia huanza hasara yake.

Njia hiyo mafundi huiita manifoldi. Ni bomba lenye matawi, ligawalo hewa kwa silinda zote. Alitazamaye kwa nje huona kipande cha chuma au cha plastiki kisichotikisika, lakini ndani yake mna mawimbi. Injini izungukayo mara 6,000 kwa dakika hufungua vali ya hewa ya kila silinda mara 50 kwa sekunde moja. Vali ifungwapo, hewa iliyokuwa mbioni hugonga mlango, hujisonga, kisha msukumo wake hurudi nyuma mpaka kinywani mwa bomba, na huko hugeuka tena. Wimbi likifika wakati mlango u wazi, silinda hushiba kuliko ilivyovuta yenyewe. Likifika kabla au baada ya wakati, silinda hupunjwa. Urefu wa bomba ndio upangao miadi hiyo. Bomba refu hupatana na mizunguko ya polepole, na bomba fupi hupatana na mizunguko ya kasi.

Ushahidi wa jambo hili ulionekana Marekani mwaka 1960. Gari la Chrysler 300F lilitolewa na matawi ya hewa yenye urefu wa inchi 30, yaliyopita juu ya injini kutoka upande mmoja hata upande wa pili, ili nguvu zipatikane katika mwendo wa kati. Kwa waliotaka kasi ya juu zaidi, ukuta wa ndani ulipunguzwa, urefu wa kazi ukawa kama inchi 15. Umbo la nje halikubadilika. Tabia ya injini ilibadilika. Mwaka 1991, gari la Mazda 787B lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans likiwa na mabomba yaliyorefuka na kufupika kwa kadiri ya mwendo wa injini. Asiyekuwa na bomba la namna hiyo hana budi kuchagua. Apatacho juu hukilipia chini, na gari lipandalo milima na mizigo halina faida na nguvu zijazo kwenye mizunguko lisiyoifikia.

Lakini kubadili bomba ni nusu ya kazi. Kabureta ya zamani ilitoa petroli kwa kuvutwa na hewa yenyewe ipitayo. Mwaka 1967 gari la Volkswagen 1600 lilianza kuuzwa na mtambo wa Bosch uliopima kanieneo ya hewa ndani ya manifoldi, na sakiti za umeme zikaamua kadiri ya petroli. Siku hizi kazi hiyo ni ya kompyuta. Ndani yake mna jedwali: upande mmoja mizunguko, upande wa pili mzigo, na katika kila chumba imeandikwa petroli kiasi gani itolewe na cheche iwashwe lini. Jedwali hilo liliandikwa kwa ajili ya manifoldi ya kiwandani. Fundi akiibadili bila ya kuandika jedwali upya, kompyuta huendelea kutii amri za nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Hatari yake haionekani siku ya kwanza. Katika mwendo wa upole, kihisi cha oksijeni katika ekzosi husahihisha makosa madogo. Lakini dereva akikanyaga mpaka mwisho, magari mengi huacha kukisikiliza na kufuata jedwali peke yake. Hewa imezidi, petroli haikuzidi. Joto hupanda, injini hugonga, na pistoni huweza kupasuka au kutoboka. Aliyetaka nguvu kidogo zaidi hubaki na gari lisilokwenda, na kama gari ndilo limpatialo riziki, nyumba nzima huona njaa.

Fundi mwenye busara hubadili jambo moja kwa wakati mmoja. Hulifunga gari juu ya mtambo wa kupimia nguvu, hupima moshi, husikiliza mgongo, hujaza chumba baada ya chumba. Penye nguvu kamili huongeza petroli mpaka hewa iwe kama sehemu 13 kwa moja. Akisikia injini yagonga, huichelewesha cheche, ingawa nguvu zitapungua. Tena hukumbuka kwamba hewa si moja kila mahali. Kanieneo ya hewa ya Nairobi ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa, na injini iliyosifiwa pwani yaweza kuaibika barani.

Mwenye gari huuliza nguvu zimeongezeka ngapi. Swali hilo lina haki yake, lakini lina ndugu yake mkubwa: je, injini imearifiwa? Neema isiyoarifiwa huingia nyumbani kama mwizi, na mwizi haachi kitu mahali pake.