Usiku Mmoja, Tarehe Mbili

Nilifika Vitshumbi kwa mara ya kwanza Agosti 2019. Mwezi mmoja kabla, Goma ilikuwa imethibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, basi vizuizini tulishuka, tukanawa mikono na kupimwa joto. Tulipita Rumangabo na Rutshuru, tukaingia mbugani, na kutoka Rwindi njia ya vumbi ikatuteremsha hadi ufukwe wa kusini wa Ziwa Edward. Kijiji kizima kimo ndani ya Hifadhi ya Virunga. Korongo marabu walisimama kati ya nyumba wakingoja matumbo ya samaki.

Wavuvi walionialika walikuwa na madaftari mengi na kompyuta moja. Katibu wao, kijana makini, alikuwa amekwisha kuingiza mavuno ya mwaka ule, lakini jumla za mwezi zilimshangaza: samaki wa Julai walionekana Machi. Kompyuta ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Alipoandika 03/07/2019, ilisoma 7 Machi. Alipoandika 13/07/2019, haikupata mwezi wa 13, ikaiacha kama maneno tu. Ukitazama vizuri utaziona bila fomula yoyote: tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hubaki kushoto.

Nilimwonyesha kilichomo ndani. Excel haihifadhi tarehe, huhifadhi hesabu ya siku: 1 Januari 1900 ni 1, 7 Machi 2019 ni 43531, 3 Julai ni 43649. Kwa hiyo samaki wale walikuwa wamesogezwa siku 118. Tulibadilisha mpangilio uwe wa Kifaransa, kisha tukazigeuza zilizopinduka kwa =DATE(ANNEE(A2);JOUR(A2);MOIS(A2)), na zile za maneno kwa =DATEVAL(A2). Ni lazima kuzitenganisha kwanza, maana fomula moja ikipita juu ya zote huharibu zilizo sawa.

Saa zilitupa kazi nyingine. Pirogi hutoka saa kumi na moja na nusu jioni na kurudi saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukitoa 17:30 katika 6:15 unapata hasi, na Excel hujaza kisanduku alama za reli (####). Dawa yake ni =MOD(C2-B2;1), nayo hutoa 12:45, usiku mzima wa kazi.

Lakini usiku huo ni wa tarehe gani? Hapo ndipo mama mmoja, mkausha samaki, alipotoa daftari lake kwenye kitenge na kuliweka juu ya meza. Kurasa zilikuwa zimekauka kwa chumvi.

“Papa, wao wanaandika siku ya kutoka. Mimi naandika siku ninayopokea samaki. Kila mara wananiambia nimekosea.”

Hakuna aliyekosea. Tuliweka safu mbili, ya kutoka na ya kurudi, ya pili ikiwa =A2+1, na hesabu zake zikalingana na za pirogi mstari kwa mstari. Naamini ugomvi mwingi wa mizani kwenye fukwe zetu huanzia hapa, wala si kwenye wizi.

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza kama mashine inajua mwezi, kwa sababu nyavu hupata kidogo mbalamwezi ikiwaka. Inaweza kuujua. Mwezi mwandamo ulitokea 6 Januari 2000, ambayo ni siku ya 36531, na mzunguko wake ni siku 29,53. Tukaandika =MOD(A2-36531;29,53). Tarehe 2 Julai 2019, siku jua lilipopatwa kule Chile na Argentina, ilitoa 0,27: mwezi mchanga. Tarehe 16 Julai ilitoa 14,27, na usiku huo kila mtu pale alikuwa ameuona mwezi mpevu ukiliwa na kivuli. Mzee alitaja usiku mwingine, na mwingine, katibu akiandika. Nilimwambia katibu kwamba kwa hesabu za miaka mingi atumie 29,530588, kwani makosa madogo hujikusanya.

Safu ya mwezi ikabaki kando ya kilo, na mama akasogeza kiti karibu na kompyuta. Alitaka madeni ya wateja wake wa mji wa Kiwanja yaingizwe siku hiyo hiyo, kila moja na siku yake ya kulipwa: =A2+14.