Nyumba Kubwa, Watu Wadogo

Mitihani iko mlangoni, lakini leo tuweke madesa pembeni kidogo tuongelee picha za majumba.

Nimekuwa nikiangalia michoro ya zamani ya Ulaya, ile iliyochongwa kwenye bamba la shaba kisha ikachapwa karatasini nakala nyingi. Mwaka 1707 kule London kilitoka kitabu kinaitwa Britannia Illustrata, michoro 80. Knyff alichora, Kip akachonga. Majumba ya mabwanyenye yanaonekana kutoka juu, kama vile mchoraji kapanda ndege. Na wakati huo hata puto la kwanza la kubeba watu bado, hilo lilipaa 1783! Yaani macho yale ni ya kubuni. Barabara zote zinaelekea kwenye nyumba, miti imesimama mistari kama askari wa gwaride, na watu wako kama sisimizi.

Hapo ndipo penye siri, jamani. Nyumba haisafiri, picha inasafiri. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliwagawia mabalozi vitabu vya michoro ya majumba yake kama zawadi. Usiyekanyaga Versailles, Versailles inakufuata mpaka kwako.

Sasa turudi kwetu Bagamoyo. Boma la Wajerumani lilijengwa 1897, wakati makao makuu yalishahamia Dar tangu 1891. Ukitazama picha za enzi zile utaona mambo ni yaleyale: jengo limejaa kwenye picha, binadamu kaachiwa pembeni. Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani wakatangaza kodi ya kibanda. Asiye na rupia alilipa kwa mazao au kwa nguvu zake. Kwa hiyo nyumba kubwa ilipigwa picha, nyumba ndogo ikahesabiwa ili ilipe.

Bibi yangu ni wa hapohapo Bagamoyo. Kakulia nyumba ya udongo na makuti, na hakuna aliyewahi kuipiga picha hata moja. Nilipomwonyesha picha ya Boma akaitazama weee, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, na aliyebeba mawe yuko wapi hapo?" Nikakosa jibu.

Mvua za El Niño za 1998 ziliangusha sehemu ya Boma lile, ikabidi likarabatiwe. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash 1883, nayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kumbe mawe na chokaa vinachoka, ila kwenye picha majumba hayo hayana hata ufa.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu sisi ni walimu watarajiwa. Tukienda mafunzo kwa vitendo tutasimama mbele ya watoto na picha kama hizi. Tukisema tu "hili ni Boma, 1897, andikeni", tutakuwa tumemalizia kazi ya aliyeipiga. Mtoto atatoka darasani akiamini mwenye ghorofa ndiye mwenye historia, na bibi yake hana. Mimi nimeshaamua, swali la bibi ndilo litakuwa la kwanza ubaoni.

Nyie wa Kilwa, Tabora, Pangani, maboma ya kwenu mliyaonaje mkiwa shule? Tupeni habari. Ngoja nikawahi msosi kabla foleni haijawa ndefu.

Tuko pamoja.