Nesi Nyumbani, sehemu ya 9: Bibi hajalala

Niliahidi leo tungeongelea homa za usiku. Mtanisamehe, homa itakuwa sehemu ya 10. Leo nina jambo la nyumbani kwangu.

Wengi mnajua mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Kitindamimba wangu ana miaka 5. Siku ile, mimi nesi wa miaka 14 kazini, niliyewapa watu habari nzito kuliko ninavyoweza kuhesabu, nilimtazama mwanangu nikamwambia, "Bibi amelala." Nilisema hivyo ili nisilie mbele yake. Basi.

Wiki mbili baadaye natoka zamu ya usiku, najitupa kitandani. Nashtuka kuna mtu ananivuta kope. "Mama, usilale." Nikadhani ana njaa. Kesho yake tena. Na usiku yeye mwenyewe akawa anapigana na usingizi mpaka unamwangusha kwenye kochi. Sikuelewa kabisa. Nesi mzima!

Aliyenifungua macho ni kaka yake wa miaka 12, akiwa na katuni kwenye simu.

Jumamosi moja nipo jikoni nachambua mchicha, nasikia wanacheka sebuleni. Mkubwa anamsomea mdogo wake huku anamtafsiria kutoka Kiingereza. Mara nikasikia: "Hapana, huyu hajazimia. Amekufa. Harudi tena." Nikaacha mchicha, nikaenda mkono mbele kunyang'anya simu. Msiba hata siku arobaini haujafika, wao wanachekea vifo?

"Mama, subiri kwanza nikueleze."

Nikakaa, mikono inachuruzika maji. Akaanza somo.

Pokémon ni gemu ya Kijapani, ilianza 1996. Unakamata viumbe, unawalea, wanapambana na viumbe wa wenzako. Kiumbe akiishiwa nguvu hafi, anazimia tu. Unampeleka kwenye kituo cha tiba, kuna nesi pale, mashine inapiga kamziki, na baada ya sekunde chache wote wazima. Bure! Hakuna foleni, hakuna bima, hakuna "hiyo dawa imeisha, kanunue nje". Ukiondoka, nesi anakuaga kwa kusema anatumaini mtaonana tena. Hapo nilicheka peke yangu, kijana akashangaa. Nikamwambia, mwanangu, mgonjwa akiruhusiwa wodini kwetu hatumwambii "karibu tena". Hiyo ni lugha ya dukani.

Sasa, mwaka 2010 Mmarekani mmoja anaitwa Nick Franco aliamua kucheza toleo la Pokémon Ruby kwa ugumu zaidi. Akajiwekea sheria mbili. Kila eneo unakamata kiumbe wa kwanza tu unayekutana naye. Na akizimia, huyo amekufa, unamwacha aende. Yaliyompata akayachora katuni. Watu wakazipenda zile sheria, na mpaka leo uchezaji huo unaitwa Nuzlocke.

Jina lenyewe limetokana na utani wa kwenye katuni hiyo. Kuna kiumbe anaitwa Nuzleaf, ana jani kichwani. Franco akamchora na sura ya Locke, yule mwenye upara kwenye tamthilia ya Lost, iliyomalizika mwaka huohuo wa 2010. Nuzleaf na Locke, ikawa Nuzlocke. Kijana ananieleza huku anajishika mbavu. Mimi sikucheka. Gemu siijui, tamthilia sikuitazama. Nikamwambia kichekesho hiki kinahitaji mkalimani.

Akanijibu, "Ndiyo maana kinachekesha, Mama. Ni cha wanaojua."

Jamani, nikawakumbuka watani.

Msibani kwa mama, mtani wetu mmoja alijifunga kanga ya marehemu, akatembea ule mwendo wake wa goti bovu, akafungua fundo la kanga akahesabu hela huku akilalamika kuna mjukuu kamwibia shilingi mia mbili. Tulicheka mpaka tukalia. Jirani yetu mpya hakucheka, alidhani tumechanganyikiwa. Hakumjua mama, hakujua lile fundo. Na mama alikuwa ndani palepale, hajazikwa. Watani hawakuficha kifo. Walikuwa wanasema: huyu tulimjua.

Nikairudia katuni kwa jicho lingine. Inakuchekesha kwanza mpaka umzoee kiumbe, umjue tabia zake. Akifa unajua umempoteza nani. Wachezaji walioifuata wana sheria nyingine, kwamba kila kiumbe umpe jina. Mwanangu wake alimwita Mandazi. Mandazi alikufa siku ya Alhamisi, na kijana hakugusa gemu siku mbili. Mimi nilidhani chaji ya simu imekorofisha.

Wakati naelezwa yote haya, mdogo alikuwa ametulia kama maji ya mtungini. Akauliza, "Mandazi hajalala?"

"Hajalala. Amekufa," kaka yake akamjibu.

"Na Bibi?"

Kaka mtu akanitazama. Hakujibu. Aliniachia mimi.

Nikafuta mikono kwenye kanga, nikamvuta mapajani. Nikamwambia: "Bibi hajalala, mwanangu. Mama alikosea kusema vile. Bibi amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, haumwi, hasikii njaa wala baridi. Hatarudi, na ndiyo maana tunalia."

Akafikiri. Kisha: "Kwa hiyo wewe ukilala unaamka?"

Ndiyo zile kope sasa. Mtoto alikuwa ananilinda nisiende alikokwenda bibi yake. Nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani kwangu. "Ndiyo, naamka. Kulala ni kupumzika. Nikilala, hapa panaendelea kudunda. Sikia."

Akasikiliza muda mrefu. Usiku ule alilala kabla sijamaliza kumfunika. Hakuna dawa niliyompa.

Kwa hiyo mama zangu, hili nawaomba. Mtoto mdogo analishika neno kama lilivyo. Ukimwambia "amelala", ataogopa kitanda. Ukimwambia "amesafiri", atakaa mlangoni anasubiri, na safari yako ijayo atalia hatari. Tumia neno lenyewe: amekufa. Mwambie mwili umeacha kufanya kazi na hautaanza tena. Mambo ya mbinguni ongeza kwa imani ya nyumba yako, lakini baada ya neno lenyewe. Kesho atakuuliza tena swali lilelile, na keshokutwa. Si utundu, wala si kwamba hukueleweka. Mjibu vilevile, kwa upole. Usingizi ukigoma wiki kadhaa, au akiacha kula na kucheza, mlete tumwone.

Na tusidanganyane kuhusu katuni. Ile si ya mtoto wa miaka 5. Ina maneno makali sehemu nyingine, na kaka mtu alikuwa anayaruka wakati anatafsiri. Hilo tumeshaongea. Ila ningemnyang'anya simu siku ile kabla hajanieleza, mpaka leo ningekuwa navutwa kope. Mtoto akicheka kitu usichokielewa, keti akueleze. Hata kama hutacheka.

Na mimi sasa nina kiumbe wangu kwenye hiyo gemu. Kijana kasema sheria ni sheria, lazima nimpe jina. Nimemwita Fundo. Akitokea tu kwenye kioo, nyumba nzima inacheka. Juzi mgeni katuuliza kuna nini, tukashindwa pa kuanzia.

Sehemu ya 10: homa za usiku. Safari hii kweli.